Nilikwenda kumsalimia jamaa yangu jangwa la Chalbi, nikapangiwa zamu ya maji

Kiatu Vumbi

Wakuu, habari za muda huu.

Nyuzi za safari humu ndani ni Zanzibar, Serengeti, Dubai, basi. Leo nawapeleka upande ambao wengi wetu tunausikia kukiwa na ukame tu: Chalbi, kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Kule nina jamaa yangu, Mgabra, yaani wa kabila la Gabra, wafugaji wa ngamia; tulisoma naye chuo cha mifugo. Siku hizi ni mtaalamu wa mifugo, makazi yake Kalacha, lakini ukimtafuta Kalacha humpati, yuko kwenye pikipiki anafuata ngamia wa watu. Miaka yote yeye ndiye anayekuja kwangu. Safari hii akanipigia akasema deni limekua, njoo ulilipe. Likizo yangu ilikuwa fupi, ya kuombaomba, kwa hiyo nilikaa siku chache tu.

Niseme mapema ili tusichoshane: sikwenda kutalii. Mtalii wa Chalbi anakodi gari, anabeba maji yake, anapiga picha jua likizama, anaondoka. Mgeni wa mtu anaingia kwenye ratiba ya mwenyeji, na ratiba ya kule inapangwa na maji. Mimi nilikuwa mgeni wa mtu.

Njia kwanza, maana najua mtauliza. Namanga nilivuka kwa pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe 2018 huhangaiki kukimbia huku na huku, muhuri wa kutoka na wa kuingia unagongewa jengo moja. Nairobi nikapanda basi la usiku. Isiolo, Archers Post, Laisamis, hadi Marsabit ni lami tupu, zaidi ya kilomita 500. Mlima Ololokwe nimesimuliwa tu, tuliupita gizani.

Marsabit yenyewe itakushangaza. Unakwenda jangwani halafu unashuka kwenye basi ukiwa unatetemeka. Mji uko juu ya mlima, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, una msitu na ukungu wa asubuhi, watu wamevaa makoti. Hapo ndipo nilipofanya manunuzi kwa amri ya jamaa yangu kwenye simu: sukari, majani ya chai, tumbaku ya wazee, na buni, yaani kahawa kavu na maganda yake. Nilipomwambia nimebeba na kahawa ya unga kutoka nyumbani akacheka, akasema hiyo tutakunywa mimi na wewe ofisini, mama hana kazi nayo.

Kutoka hapo usafiri ni Land Cruiser za mizigo na malori. Abiria mnakaa juu ya magunia ya unga. Mkishaacha mlima joto linapanda kila mkishuka, maana Chalbi iko chini kabisa, karibu mita 400 tu. Kwanza mawe meusi ya volkano, mengi mpaka unajiuliza nani aliyamwaga. Baada ya Maikona mawe yanapungua, mbele kunakuwa kweupe, na juu ya weupe ule maji yanametameta hadi upeo wa macho. Mazigazi. Nilijua ni mazigazi, na bado shingo ilikuwa inageuka yenyewe.

Simu inazima, narudi baadaye.

Mpwa wa Bandari

Uzi bila picha ni barua ya posta. Weka picha mkuu.

Hesabu Kali

Yaani nauli yote hiyo, kuvuka mpaka wa nchi na kukalia magunia ya unga, kwenda kutazama chumvi? Ungemtumia jamaa hela mngepigiana video.

Dereva Mstaafu

Umenikumbusha mbali kijana. Nimeendesha lori Isiolo hadi Moyale kabla lami haijafika. Kilomita kama 500 hizo, na tulikuwa tunazihesabu kwa siku, siyo kwa saa. Barabara ilikuwa ya matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia, nati zinafunguka zenyewe, na mara nyingine tunasubiriana tutembee msafara na askari mbele. Lami ilimalizika kwa vipande katikati ya miaka ya 2010, na leo watoto wanapanda basi usiku wanalala wanaamka Marsabit.

Kuhusu Chalbi yenyewe: kipindi cha kiangazi ni uwanja, unaweza kukunja mikono usukani unajiendea. Hapo ndipo watu wanapojidanganya. Ile si ardhi ya mchanga, ni sakafu ya ziwa la zamani. Ziwa lilikuwepo kweli, yapata miaka 10,000 iliyopita, hali ya hewa ya Afrika ilipokuwa na mvua nyingi. Maji ya vilima vya Huri Hills, ya mlima Marsabit na ya mlima Kulal yote yanateremkia hapo na hayana pa kutokea, yanakauka na jua, chumvi inabaki. Ikinyesha, juu panaonekana pakavu na chini ni ugali. Tairi likivunja lile gamba, umelala hapo. Wenyeji wakikwambia zunguka, zunguka, hata kama inakula nusu siku. Nimewahi kuona lori limezama hadi ekseli, wenye nalo wamejenga kibanda pembeni.

Bibi Nyuki

Mimi naulizia mambo ya msingi ambayo wanaume hamwandikagi. Maji ya kuoga? Choo? Ulilala wapi? Na mwanamke peke yake anaweza kwenda?

Kiatu Vumbi

Nimerudi. Mpwa, picha zipo chache na za watu sitaziweka, sababu utaiona mbele. Hesabu Kali, video tunapigiana, ila mama yake hajui kuongea na kioo.

Bibi Nyuki, nakujibu kwa kusimulia.

Kalacha ni chemchemi. Kuna mikoma imesimama, kuna maji yanayotoka ardhini yenyewe, kuna shule, zahanati, maduka, msikiti na makanisa. Mtandao wa simu upo. Choo cha shimo kipo kwa jamaa yangu, na bafu la mabati, lakini hukai humo na ndoo nzima. Unapewa maji kwenye kopo kubwa na unaoga yakaisha. Maji yenyewe yana chumvi kwa mbali. Chai yake inakuwa na ladha ambayo siku ya kwanza unadhani sufuria halikusuuzwa, baadaye unasahau.

Hatukulala Kalacha muda wote. Familia yao ilikuwa kambini mbali kidogo, huko ndiko tulikokwenda na pikipiki. Kambi ni nyumba kadhaa za duara, fremu ya miti iliyopindwa, juu yake mikeka na ngozi. Nyumba ni ya mama. Yeye ndiye anayeijenga, anayeibomoa na kuipakia ngamia siku ya kuhama, na wewe mwanamume uliyezidi kimo cha mlango unaingia umeinama na adabu zako. Ndani kuna ubaridi ambao sikuutarajia, upepo unapita kwenye mikeka lakini jua halipiti. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi hivi hakuna mtu mwenye akili anayetembea ovyo nje.

Salamu ni ndefu. "Nagaa?" unajibu "Nagaa," halafu inaendelea: amani ya watu, ya mifugo, ya njiani, ya mvua. Mzee mmoja alinishika mkono muda wote huo bila kuuachia, na habari niliyokuwa nayo ya kumjibu kuhusu mvua ya njiani aliisikiliza kwa makini kuliko mtu yeyote aliyewahi kunisikiliza mimi. Aliuliza nimeona mawingu upande gani. Aliuliza tena. Jamaa yangu akawa anatafsiri, na mimi nikagundua kwamba ndiyo zawadi kubwa niliyobeba, kuliko sukari.

Kisha buni. Mama alizichambua, akang'ata kila moja nchani ili ipasuke, akazitia kwenye samli iliyokuwa inachemka. Zilikuwa zinarukaruka na kulia. Harufu ile, wakuu, siwezi kuiandika. Samli na buni zake vikachanganywa na maziwa, mzee akaomba dua ndefu, wote tukawa tunaitikia, ndipo kikombe kikazunguka. Buni unazitafuna. Ni chungu, zina mafuta, na usiku huo sikulala mapema.

Kwa mwanamke peke yake: jamaa yangu anasema aende kwa mwenyeji anayejulikana, alale nyumba ya akina mama, hana shida. Vaa kanga au dera, funika kichwa. Kaptula acha.

Mtoto wa Maikona

Salaam kutoka nyumbani. Nimesoma uzi wote, ndugu umetutendea haki, lakini niongeze mambo mawili matatu.

Moja, watu wakisikia jangwa wanafikiri hakuna watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 459,785 katika kaunti ya Marsabit, na kaunti yenyewe ina eneo la kilomita za mraba kama 70,000. Ni wachache kwa ukubwa huo, ndio, lakini kila bonde lina wenyewe na kila kisima kina utaratibu. Hupiti mahali tupu, unapita kwa mtu ambaye leo hayupo.

Usiulize mtu ana ngamia wangapi. Ni kama kumuuliza mwenyeji aliyekualika chakula mshahara wake. Uliza kama wako na amani, yeye mwenyewe akitaka atakuonyesha.

Na kambi uliyolala, ndugu Kiatu Vumbi, ni kambi ya familia, ya wazee, wamama na watoto, pamoja na mifugo wachache wa maziwa. Kundi kubwa liko fora, yaani kambi ya malisho ya mbali, na vijana. Kijana wa fora anaweza kukaa miezi hajaona nyumba, anaishi kwa maziwa. Ungekuja wakati mwingine ungekuta hata hiyo kambi imehama.

Hesabu Kali

Sawa nimeelewa utamaduni, siupingi. Swali langu ni la uchumi. Kama maji ni shida hivyo, kwa nini watu wasihamie yaliko maji? Serikali ichimbe visima virefu kila mahali, watu wakae, watoto wasome, iishe. Kuhamahama na nyumba mgongoni karne hii?

Mtoto wa Maikona

Ndugu, swali lako limeulizwa na wakubwa kuliko wewe, na wengine walilijibu kwa kuchimba. Nikueleze.

Maji kwetu yapo. Kalacha yapo, North Horr yapo, Maikona ukichimba kidogo unayapata. Kitu hakipo ni nyasi karibu na hayo maji. Mahali penye kisima mifugo wote wanakuja, kwa hiyo pembeni yake pameliwa na kukanyagwa mpaka pamekuwa vumbi. Nyasi nzuri ziko Huri Hills, na Huri Hills hakuna chemchemi wala mto. Sasa wewe ukae wapi? Ukikaa kwenye maji, mifugo wanakufa njaa. Ukikaa kwenye nyasi, wanakufa kiu. Ngamia ndiye anayeunganisha hizo sehemu mbili, kwa sababu anaweza kula siku nyingi mbali na maji kisha akarudi kunywa. Mbuzi hawezi, ng'ombe ndiyo kabisa.

Kisima kirefu kikichimbwa katikati ya malisho ya kiangazi, kuna duka, kuna shule, watu wanakaa, na baada ya miaka michache yale malisho ya akiba hayapo tena. Nimeyaona kwa macho yangu. Sisemi wasichimbe. Nasema waulize wazee wachimbe wapi na kisima kifungwe lini.

Na ukame wa juzi ulitufundisha tena. Misimu mitano mfululizo mvua ilikosa, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Waliokuwa wamekaa na ng'ombe na mbuzi karibu na mji ndio waliopoteza zaidi. Wenye ngamia walioweza kusogea walibaki na kitu. Halafu mwisho wa 2023 yakaja mafuriko. Sasa wewe nijengee nyumba ya mawe mahali ambapo mwaka huu ni vumbi na mwaka ujao ni ziwa.

Hesabu Kali

Hoja ya nyasi sikuwa nimeifikiria. Naendelea kusoma.

Daktari wa Zizi

Niongeze ya kitaalamu kidogo kwenye hilo la ngamia, maana kuna uongo mwingi mitaani. Nundu haina maji, ni mafuta. Siri ya ngamia iko kwingine. Mwenzake akipata joto anatoka jasho kupoza mwili, na jasho ni maji yanayopotea. Ngamia mwenye kiu anaacha joto la mwili wake lipande mchana, kutoka nyuzi 34 hivi alfajiri hadi karibu 41, kisha linapoa usiku bila kutumia maji. Anaweza kupoteza robo ya uzito wake kwa kukosa maji na bado anatembea. Mnyama mwingine damu ingekuwa nzito amekwisha. Chembe zake nyekundu za damu zina umbo la yai, zinapita hata damu ikiwa nzito, na hazipasuki akinywa kwa pupa. Na anakunywa kweli: lita 100 kwa dakika kama kumi. Fikiria nani anavuta hayo maji kutoka kisimani.

Kiatu Vumbi

Nani anavuta? Mimi hapa.

Siku ya maji niliamshwa kukiwa bado giza. Nilidhani nakwenda kutazama. Kisima ni shimo lililochimbwa kwa mkono, pana juu na jembamba chini, vijana wamesimama ngazi ngazi ndani yake. Wa chini anachota, anampa aliye juu yake, hadi juu, na ndoo tupu inashuka kwa mkono mwingine. Ndoo zenyewe ni madumu yaliyokatwa. Wanaimba, na wimbo ndio unaopanga mwendo: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na ndoo inafika mkononi mwako sawasawa na kiitikio. Ukichelewa umeharibu wimbo, na kila mtu anajua ni nani.

Nikatoa simu nipige picha. Jamaa yangu alinitazama akasema, "Umekuja kuniona mimi au umekuja kuona kisima? Shika ndoo kwanza." Nikawekwa kituo cha mwisho, cha kumwaga horini, ambacho ni cha watoto na wageni. Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa kule hawapendi mgeni anayewasogelea na kamera wakati huo. Kuna mzee anasimamia zamu. Kundi likimaliza lingine linaingia, mbuzi wamezuiwa kule nyuma wanapiga kelele kwa kiu, ngamia wamefika kutoka mbali na hawana subira, na zamu ikichanganyika ni ugomvi. Ni kazi yenye haraka kama chumba cha upasuaji. Hakuna anayeweza kuacha ndoo akuwekee pozi.

Mabega yangu yaliisha kabla ya kundi la tatu. Mtoto wa kike, sidhani kama alikuwa amefika darasa la sita, akaja akanipokea bila kusema neno, akaendelea na mwendo ule ule.

Mpwa wa Bandari, ndiyo hiyo sababu ya picha.

Jioni kulikuwa na jambo ambalo nililitazama kwa muda mrefu zaidi kuliko machweo yote ya Chalbi. Kukamua ngamia. Ndama anafunguliwa kwanza, ananyonya kidogo mpaka mama yake aachie maziwa, kisha anasogezwa upande mmoja. Mkamuaji anasimama kwa mguu mmoja, wa pili ameukunja na unyayo ameuegesha juu ya goti, chombo kimekaa juu ya paja, mikono yote miwili inafanya kazi. Maziwa yanashuka kwa muda mfupi sana, dakika moja na nusu hivi, basi. Ukipoteza hapo umekosa. Povu linapanda hadi juu. Chombo ni cha kusukwa kwa nyuzi, kimefukizwa kwa kijinga cha moto, kwa hiyo maziwa yanakuja na ladha ya moshi. Mgeni anakunywa kabla ya wenye nyumba. Kwa ushauri tu: msinywe mengi siku ya kwanza. Tumbo ambalo halijazoea litakusemesha usiku kucha, na usiku upepo wa kule hauruhusu matembezi ya raha.

Mpwa wa Bandari

Nimesamehe picha. Ndege je? Nasikia jangwani kuna firigogo wengi.

Kiatu Vumbi

Wapo, asubuhi wanashuka kwenye chemchemi makundi kwa makundi. Dume akifika anaingiza kifua majini anatulia hapo, manyoya yananyonya maji, anaruka nayo hadi kwa makinda. Unaweza kukaa na kikombe cha chai ukawatazama mpaka jua likufukuze.

Dereva Mstaafu

Kuhusu upepo aliousema: msifikiri ni utani. Kati ya mlima Kulal na nyanda za kusini mwake, kuelekea ziwa Turkana, upepo unapita kama umebanwa kwenye mlango. Ndiyo maana waliweka kule mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo, megawati 310, ikazinduliwa rasmi 2019. Umeme wake unasafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa.

Mtoto wa Maikona

Na kwetu tunachaji simu kwa sola. Stima inatoka kaunti yetu inakwenda zake.

Bibi Nyuki

Kiatu Vumbi, hilo la maji ndilo linanisumbua. Kama kila tone lina jasho la mtu, mgeni si mzigo? Nitajisikiaje kunywa maji ya watu?

Kiatu Vumbi

Swali hilo nilimuuliza jamaa yangu njiani tukirudi Kalacha. Alisema mgeni anayekataa maji anamfedhehesha mama, na anayenawa uso kwa kumwaga anamuumiza. Kwa hiyo unakunywa ulichopewa chote, na kunawa unanawa kwa kukingwa: mtoto anakumiminia kidogo kidogo mkononi, chini kuna beseni, na yale maji ya beseni wanapewa vitoto vya mbuzi. Nimekuwa nikinawa hivyo hata hapa nyumbani na mke wangu ananishangaa.

Mimi nilikwenda na madumu mawili ya maji kutoka Marsabit, tukayatumia kupikia siku zile. Hakuna aliyeniambia nilete, na hakuna aliyekataa. Mama aliyahamisha haraka kivulini kabla hata ya sukari kushushwa.

Jambo jingine: siku ya kuondoka usiipange wewe. Nilikuwa nimepiga hesabu ya basi la Marsabit, jamaa yangu akaniambia gari linaondoka likijaa, na linajaa siku ya kupeleka mbuzi mnadani. Ikabidi niondoke mapema kuliko nilivyotaka, nimekaa katikati ya mbuzi wanne waliofungwa miguu. Tuliagana kwa haraka, gari linaunguruma, yeye tayari ameitwa na mtu mwenye ngamia anayechechemea. Ndivyo alivyo. Hata harusi yake aliondoka katikati kwenda kuzalisha ngamia.

Daktari wa Zizi

Hahaha, huyo ni wa taaluma yetu kweli.

Bibi Nyuki

Nimeshawishika. Tuko wanawake watatu, mmoja wetu ana shoga yake muuguzi North Horr. Miezi ipi ni mizuri? Na usalama?

Mtoto wa Maikona

Mvua za kwetu, zikija, ni Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba. Barabara inakatika hapo, lakini ndipo maziwa yanajaa na watu wako na furaha, harusi nyingi. Mimi ningewaambia mje mvua ikiisha kidogo, Juni hivi, ardhi imekauka na mifugo bado wana afya. Januari na Februari ni joto na watu wako na mawazo ya mifugo, mtahudumiwa lakini mtaona haya.

Usalama, muulizeni muuguzi siku ile ile mnayotoka Marsabit, si wiki iliyopita. Mambo ya malisho huwa yanabadilika. Msiende na gari pekee bila mwenyeji ndani, na msikate njia katikati ya Chalbi kwa kufuata ramani ya simu. Simu inaonyesha mstari mnyooka tu, haijui tope. Na usiku mkung'ute viatu kabla ya kuvaa, nge wanapenda joto.

Zawadi: sukari, majani ya chai, buni. Mkiweza leteni na dawa za macho za zahanati, vumbi linaharibu watoto. Lakini muulizeni muuguzi kwanza zipi.

Bibi Nyuki

Asante sana kaka. Nimeandika kila kitu.

Hesabu Kali

Kiatu Vumbi, naulizia tu, siyo kwamba nakwenda. Hiyo Land Cruiser ya kutoka Marsabit ni shilingi ngapi za Kenya, na kuna namba ya dereva?

Kiatu Vumbi

Bei haina ubao, mnapatana, na inategemea mafuta na mzigo wa siku hiyo. Namba nimekutumia kwa ujumbe binafsi. Mwambie unataka kiti cha mbele na umpigie siku moja kabla, maana viti vya mbele ni viwili tu na wazee ndio wenye navyo. Ukikosa, panda juu ya magunia ya unga. Ya sukari ni magumu.